Kufumua si hasara: darasa la kroshia katika klabu ya vijana Nyololo



Msafiri aifuataye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma, akishaipita Mafinga na kabla hajafika Makambako, huikuta Nyololo, mahali inapochepuka njia ya kwenda Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi. Wengi waliopita hapa wanachokumbuka ni baridi. Inapofika miezi ya Juni na Julai, ukungu hutanda juu ya misitu ya misonobari na mashamba ya chai ya Mufindi, na mtoto anayetoka alfajiri bila sweta wala kofia humtia mzazi wake simanzi. Huku kwetu kazi yoyote inayompatia mtu joto haihitaji kutangazwa sana.

Sisi tunaoandika makala haya ni walezi wa klabu ndogo ya vijana. Tunakutana kila Jumamosi baada ya swala ya Alasiri, mabinti upande mmoja na wavulana upande wa pili, pamoja na majirani zetu wasio Waislamu wapendao kujifunza. Wengi wao wamemaliza kidato cha nne. Wapo wanaosubiri matokeo, na wapo waliokwisha kuyapata wakatamani wasingeyapata. Tulitafuta kazi ya mikono isiyohitaji umeme, cherehani wala mtaji mkubwa, tukaangukia kwenye kroshia, yaani ufumaji wa sindano moja yenye ndoano nchani. Mama zetu ndiyo waliyoitumia kufumia vile vitambaa vyeupe vya kufunikia makochi, meza na redio.

Wiki hii tunaieleza kazi hiyo hatua kwa hatua, ili mzazi au mlezi wa mahali pengine aweze kuianzisha. Tutaeleza pia habari ya kofia moja iliyotufundisha zaidi ya yote tuliyokuwa tumekusudia kufundisha.

Kwa nini kroshia

Sweta hufumwa kwa sindano mbili, na wakati wote sindano hizo hubeba vitanzi vingi. Sindano ikichomoka mikononi mwa mwanafunzi, vitanzi kadhaa huporomoka kwa pamoja, na anayeanza hukata tamaa. Katika kroshia kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu. Mwanafunzi akikosea, huchomoa sindano, huvuta uzi taratibu mpaka afike penye kosa, huirudisha sindano katika kitanzi kile kimoja, kisha huendelea. Uzi ni ule ule, haujapungua hata shubiri. Kilichopotea ni muda tu.

Kazi hii imewahi kuziokoa nyumba za watu. Njaa kuu ilipoipiga Ireland kuanzia mwaka 1845, wanawake na wasichana walifundishwa kufuma lesi za kroshia ili ziuzwe, na familia nyingi zilipata chakula kwa njia hiyo. Hata leo, ingawa viwanda hufuma masweta kwa maelfu, kroshia halisi imebaki kazi ya mkono wa binadamu. Anayeijua ana kitu ambacho mashine haijamnyang'anya.

Vifaa

Kwanza ni sindano ya kroshia. Kwa anayeanza, inayofaa ni yenye unene wa milimita 4 au 5, kwa kuwa nyembamba zaidi huchosha macho na vidole. Palipokosekana sindano ya dukani, vijana wetu wamechonga kijiti cha mwanzi mkavu, wakakata ndoano ndogo nchani na kukisugua kwa msasa mpaka uzi ukapita bila kukwama. Pili ni uzi wa sweta wa unene wa kati, wenye rangi ya kung'aa. Asianze na uzi mweusi, maana vitanzi vyake havionekani vizuri, hasa jua linapozama. Tatu ni mkasi, futikamba, na sindano nene ya mkono yenye tundu kubwa ya kufichia ncha za uzi. Mwisho ni kipande kifupi cha uzi wa rangi nyingine cha kuwekea alama.

Hatua ya kwanza: mkono na uzi

Sindano hushikwa kwa mkono wa kuume, ama kama kalamu ama kama kisu cha mezani. Uzi hupitishwa juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto na kubanwa kidogo na vidole vya chini. Mkono huo wa kushoto ndio unaouachia uzi kwa kiasi. Takriban kila mwanafunzi hukaza mno wiki ya kwanza, kana kwamba uzi utamtoroka, na sindano hushindwa kuingia. Dawa yake ni kulegeza mabega na kuvuta pumzi, wala asiongeze nguvu.

Hatua ya pili: kitanzi na mnyororo

Tengeneza duara dogo la uzi, upitishe uzi ndani yake uwe kitanzi, ukiweke kwenye sindano na ukikaze kwa kiasi. Kisha zungushia uzi kwenye sindano na uuvute kwa ndoano upite ndani ya kitanzi. Hicho ni kiungo kimoja cha mnyororo. Rudia mpaka vifike 20. Kitanzi kilichomo kwenye sindano hakihesabiwi. Jumamosi nzima ya kwanza hatufundishi kingine. Mwanafunzi hufuma mnyororo, huufumua, hufuma tena, mpaka viungo vyake vilingane. Wenye haraka hunung'unika, lakini baadaye hushukuru.

Hatua ya tatu: mshono mfupi

Fuma viungo 21. Ruka kile kilicho karibu na sindano, uingize sindano katika cha pili. Zungushia uzi, uvute utokeze, na sasa sindano ina vitanzi viwili. Zungushia tena na uvute upite katika vyote viwili kwa mara moja. Huo ndio mshono mfupi. Endelea hadi mwisho wa mnyororo, nawe utapata mishono 20. Fuma kiungo kimoja cha mnyororo, geuza kazi, anza mstari wa pili.

Hapa ndipo kosa maarufu huzaliwa. Mshono wa mwisho wa mstari hujificha pembeni, mwanafunzi akausahau. Mstari unakuwa na mishono 19, unaofuata 18, na kile kilichokusudiwa kuwa mraba kinageuka kuwa pembetatu. Kwa hiyo sheria yetu ni moja: kila mstari ukiisha, hesabu. Aliyehesabu kila mstari hufumua mstari mmoja, na asiyehesabu hufumua kumi.

Hatua ya nne: mshono mrefu

Mshono huu huanza kwa kuzungushia uzi kwenye sindano kabla ya kuingia katika kazi. Ukishaingia na kuutokeza uzi, sindano huwa na vitanzi vitatu. Zungushia, pitisha katika viwili, zungushia tena, pitisha katika viwili vilivyobaki. Mshono mrefu huenda haraka na huacha matundu, ndiyo maana unafaa kwa vitambaa vya meza. Kwa kofia ya baridi tunaurudia mshono mfupi, kwa sababu hauachi upepo upite kwa urahisi.

Hatua ya tano: duara na hesabu yake

Kofia huanzia utosini. Fuma viungo viwili vya mnyororo, kisha tia mishono mifupi sita katika kile cha kwanza ulichofuma. Huo ni mzunguko wa kwanza. Weka uzi wa alama. Katika mzunguko wa pili tia mishono miwili katika kila mmoja, upate 12. Wa tatu, mmoja wa kawaida na unaofuata uwe wa mishono miwili, upate 18. Wa nne, miwili ya kawaida kabla ya kuongeza, upate 24. Kila mzunguko huongezeka mishono sita, hivyo wa saba huwa na 42 na wa kumi huwa na 60. Vijana waliokuwa wakiikimbia hisabati shuleni waligundua wenyewe kwamba namba ya mzunguko ikizidishwa kwa sita huleta jibu bila kuhesabu kwa kidole.

Ukiongeza pungufu, duara hujikunja kama bakuli. Ukiongeza kupita kiasi, kingo huwa na mawimbi kama jani la kabichi. Mawimbi hayo nayo yana elimu yake. Mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimina, mzaliwa wa Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alifuma kwa kroshia maumbo ya namna hiyo ili wanafunzi wake washike kwa mikono aina ya jiometri ambayo ni vigumu kuichora kwenye karatasi. Lakini yeye alikusudia. Sisi tunaofuma kofia, mawimbi yakitokea, tunafumua.

Duara likue mpaka wapi? Pima kichwa kwa futikamba, ugawe kwa 3.14. Kichwa cha mtoto chenye mzingo wa sentimita 50 kinahitaji duara lenye upana wa karibu sentimita 16. Kwa uzi na mikono yetu hiyo ni kama mizunguko 16, ila kila mkono una ukazaji wake, hivyo tegemea kipimo kuliko idadi yetu. Duara likitimia acha kuongeza, ufume mshono mmoja juu ya kila mmoja, na ubavu wa kofia utaanza kushuka. Kofia ya kuvaa na kanzu hutosheka na ubavu mfupi. Ya baridi huendelea mpaka ifunike masikio.

Hatua ya sita: kumaliza

Uzi ukatwe ukiwa umeachiwa kama sentimita 15, upitishwe katika kitanzi cha mwisho na kukazwa. Kisha ncha hiyo huingizwa kwa sindano ya mkono ndani ya mishono, kwenda na kurudi, mpaka ijifiche na kushika. Uzi ukiisha katikati ya kazi na kuungwa mwingine, ncha zote mbili hufanyiwa vivyo hivyo. Hatua hii haina raha na haionekani kwa nje. Ndiyo iliyotuletea mtihani tuliotaja mwanzoni.

Kofia ya kumi na mbili

Mwaka ambao Idi ya kuchinja iliangukia Juni, katikati ya baridi, mama mmoja mwenye duka alituagiza kofia 12 za watoto, akatanguliza fedha ya zote. Ilikuwa oda yetu ya kwanza. Vijana waligawana kazi, na siku mbili kabla ya Idi kofia zote 12 zilikuwa mezani, safi na za kupendeza.

Bibi anayewafundisha, mama mtu mzima aliyejifunza ufumaji tangu usichana wake, alizichukua moja baada ya nyingine. Alikuwa hazitazami sana kwa nje. Alikuwa akitia mkono ndani na kupapasa. Alipofika kwenye kofia ya kijana mmoja wa miaka 17, vidole vilisimama. Katika mzunguko wa saba uzi ulikuwa umeisha. Kijana akaunga mwingine kwa fundo dogo, akazikata ncha karibu kabisa na fundo ili zisisumbue, akaendelea.

"Bibi, nje hapaonekani kitu," kijana alisema kwa upole.

"Nje hapaonekani, mjukuu wangu," Bibi akajibu, "lakini maji yatapaona."

Alikuwa akisema kweli. Kofia ikifuliwa mara mbili tatu, fundo la namna hiyo huteleza. Penye fundo hufunguka tundu, na tundu hutanuka. Kulitengeneza ipasavyo kulihitaji kufumua ubavu wote na mizunguko tisa ya duara, kazi ya jioni tatu, na Idi ilikuwa keshokutwa.

Kukawa na mjadala. Wapo waliosema mtoto hukua, kofia itakuwa imeshambana kabla haijaharibika. Wapo waliosema mama yule ameshalipa na anasubiri. Sisi walezi, tukiri, tulivutwa na hoja hiyo ya pili, maana tulitamani oda ya kwanza isitie doa. Ndipo mmoja wetu alipokumbusha Hadithi iliyopokewa na Imam Muslim. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akatia mkono wake ndani yake na vidole vikakuta unyevu uliofichwa chini ya kikavu. Akamkemea muuzaji kwa kutouweka juu watu wakauona, na akaeleza kwamba mwenye kudanganya hayumo pamoja naye. Tuliangalia mkono wa Bibi uliokuwa bado ndani ya kofia, na mjadala ukaisha.

Binti mmoja aliuliza swali zuri. Je, Qur'ani haimlaumu mwanamke aliyeufumua uzi wake? Alikuwa akikumbuka mfano uliotajwa katika Surat An-Nahl, aya ya 92. Tukaisoma pamoja na aya inayoitangulia. Maneno yale yanahusu kutimiza ahadi na kutovunja viapo baada ya kuvithibitisha, na mwanamke wa mfano ule aliharibu uzi uliokwisha kuwa imara. Kofia yetu haikuwa imara. Ahadi yetu kwa mnunuzi ilikuwa kofia nzima, na kuifumua ndiko kulikokuwa kuitimiza ahadi. Kama tungeiuza na fundo lake, hapo ndipo tungekuwa tumeufumua uzi wetu, ingawa kofia ingebaki imefumwa.

Kijana alivuta uzi mwenyewe. Hatukumwambia afanye hivyo mbele ya wenzake, aliamua. Mizunguko ilitoweka mmoja mmoja mpaka ikafika ya saba, na ule uzi ukarudi kuwa bonge mezani.

Tulipeleka kofia 11, tukarudisha fedha ya moja. Mama mwenye duka alikasirika, na alikuwa na haki, kwa sababu ile ya kumi na mbili alikwisha kumwahidi mteja wake. Hatukupata oda nyingine kwake Idi ile. Tunaandika hivi ili msomaji asidhani kwamba uaminifu hulipwa papo hapo kila mara. Kofia ya kumi na mbili ilikamilika wiki iliyofuata, nayo hatukuiuza. Ndiyo tunayowapa wanaoanza waipapase kwa ndani, watafute mahali uzi ulipoungwa. Hawapaoni.

Bei na nia

Wazazi hutuuliza kama kazi hii inalipa. Tunawajibu kwa hesabu ya mfano. Tuseme uzi wa kofia moja umegharimu shilingi 3,000, na kijana ametumia saa sita. Akiithamini saa yake kwa shilingi 1,000 tu, kofia imemgharimu 9,000. Akiiuza 5,000, ametoa bure kazi yenye thamani ya 4,000. Kofia za mtumba zipo, na kwa bei ya chini hatuziwezi. Tunachoweza ni kufuma kwa kipimo cha kichwa cha mwenyewe, kwa rangi aitakayo, na kwa ushonaji unaohimili maji. Kwa hiyo tunawashauri vijana wafume kwa oda, wasirundike mali ya kubahatisha, na wapeane bei inayofanana badala ya kuuana sokoni.

Wavulana pia wasione aibu. Imam Bukhari amepokea kwamba Nabii Daud (a.s.) alikuwa akila kutokana na kazi ya mikono yake. Na mama wa waumini Zaynab bint Jahsh (r.a.) alifanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka katika alichokipata. Klabu yetu imeweka desturi ndogo: kila kofia kumi zikiuzwa, ya kumi na moja hupewa mtoto asiye nayo, awe wa msikiti wetu au wa jirani.

Yule binti aliyeuliza swali la aya ni miongoni mwa wale waliotamani wasingeyapata matokeo yao. Kwa miezi kadhaa alikataa hata kuzungumzia shule. Baada ya Idi ile alikuja na fomu, akatuomba tumsaidie kujiandikisha kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hatukumuuliza kilichombadilisha. Tulisafisha meza, tukasogeza kando mabonge ya uzi, tukaijaza fomu pamoja naye.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awatie nguvu vijana wetu, na atujaalie sisi wazee subira ya kukaa nao wanapofumua. Mlezi anayetaka kuanza Jumamosi ijayo hahitaji kungoja mfadhili. Sindano moja, bonge moja la uzi na mtu mzima mmoja anayejua kuhesabu mpaka ishirini vinatosha.